Imla, Kalamu na Jina

Katika hatimkato ya Pitman, maneno pata, peta na pita huandikwa kwa alama zilezile mbili: mstari mwembamba wa mshazari kwa P, na mstari mwembamba wa wima kwa T. Irabu huachwa, kwa sababu muda hautoshi. Kinachotofautisha ni mahali alama inapokaa. Ikielea juu ya mstari wa daftari ni pata, ikikaa kwenye mstari ni peta, ikiukata mstari ni pita. Ukikandamiza penseli kidogo tu pale mwanzo, P inakuwa B na pata inageuka bata. Sasa mweke hapo mkurugenzi anayetembea huku na huko chumbani, akitoa maneno mia kwa dakika, simu inalia na penseli imeanza kuwa butu. Alama zinapanda na kushuka ovyo. Baadaye ukikaa mbele ya taipureta kulifumbua daftari lako, hakuna wa kukusomea. Unajua bwana huyu hupenda kusema nini, unajua barua iliyotangulia ilisema nini, unajua sentensi ya Kiswahili inapoelekea. Kutokana na hayo unaamua kama mtu yule alipata au alipita.

Kazi hiyo nilijifunza Chuo cha Uhazili Tabora, nikaifanya katika wizara moja na baadaye katika shirika moja la umma mpaka nikastaafu. Wanaozijua nafasi za kazi za serikali wanakumbuka masharti yake: awe amefaulu mtihani wa uhazili hatua ya tatu, awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa idadi fulani ya maneno kwa dakika moja. Naanzia huko kwa sababu ninapowasikia watu wakibishana leo kuhusu maandishi ya akili mnemba, nani mtunzi na nani mwenye hakimiliki, nasikia ubishi wa zamani wa ofisini kwetu. Maneno yanapotoka kwa mmoja na kuandikwa na mwingine, ni mali ya nani? Mahakama zimekuwa zikiulizwa hivyo kwa zaidi ya miaka 120, na kesi ya kwanza nitakayoisimulia ilihusu watu wa hatimkato.

Nilifanya kazi chini ya mabosi wa namna mbili. Wa namna ya kwanza alitamka kila neno, hata mkato na nukta. Barua ilikuwa yake tangu salamu mpaka sahihi, nami nilikuwa mkono tu. Wa namna ya pili alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Alisimama mlangoni, mkoba tayari mkononi, akasema, “Dada, mwandikie yule bwana wa Dodoma, mwambie haiwezekani, lakini asijisikie vibaya,” kisha akaondoka. Nilibaki mimi na yule bwana wa Dodoma. Nilitafuta maneno ya kumkatalia mtu mzima bila kumvunja moyo, nikapanga lipi litangulie na lipi lifuate, nikachapa, nikaiweka mezani. Bosi akaisoma, akatia sahihi. Kwa mpokeaji barua ilitoka kwa bosi, na ilistahili iwe hivyo, maana yeye ndiye aliyekuwa na madaraka ya kukataa na ndiye ambaye angeulizwa. Lakini aliyeitunga nilikuwa mimi. Madaraka ya barua ni kitu kimoja, utunzi wake ni kingine, na watu wengi wanaoiagiza mashine iwaandikie leo wanavichanganya viwili hivyo.

Kesi hiyo ya watu wa hatimkato ilianza hivi. Kati ya 1896 na 1898 Lord Rosebery, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitoa hotuba kadhaa hadharani. Waandishi wa gazeti la The Times walikaa kwenye mikutano hiyo, wakazichukua hotuba kwa hatimkato, wakazifumbua, wakazitia nukta na mikato, wakazigawa aya, na gazeti likazichapa. Mwaka 1899 mchapishaji John Lane akatoa kitabu cha hotuba za Rosebery, na zile zilizokuwa zimetoka gazetini akazichukua humohumo. Wenye gazeti wakamshtaki. Rosebery mwenyewe hakudai kitu. Mahakama ya kwanza ikawapa haki wenye gazeti, ya rufani ikampa Lane, na Agosti 1900 Bunge la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, likaamua wanne kwa mmoja kwamba mbele ya sheria ya hakimiliki ya 1842 wale waandishi walikuwa watunzi wa taarifa walizoziandika.

Wale wanne hawakusema kwamba mawazo ya Rosebery yalikuwa ya waandishi. Walichosema ni kwamba kuyashika maneno yanayopita na kuyarudisha kwenye karatasi yakiwa sentensi zinazosomeka kunahitaji ujuzi, uangalifu na jasho, na kwamba matunda ya jasho hilo hayawezi kuzolewa bure na mchapishaji mwingine. Lord Robertson alisimama peke yake upande wa pili. Kwake, kuyaandika maneno ya mtu mwingine kwa hatimkato, hata kwa ustadi wa namna gani, si kutunga. Mimi ni wa wale wanne, na kila aliyewahi kukesha na daftari la alama zilizopandiana atakuwa upande wangu. Lakini sheria haikubaki kwao. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi kuhusu kitabu cha namba za simu, ilisema wazi kwamba jasho peke yake haliumbi hakimiliki. Lazima pawe na chembe ya ubunifu wa mtu. Robertson alikuwa amekwisha kufa zamani, lakini upepo ulikuwa umegeukia kwake.

Wakati malodi wanaamua hayo London, Mswahili mmoja wa upande wa Bagamoyo alikuwa Berlin. Mtoro bin Mwinyi Bakari alifika huko mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kitabu Desturi za Wasuaheli kikachapwa Göttingen, na jina lililokaa juu lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa seminari ileile. Humo mna mambo ya kuzaliwa na kuzikwa, jando na unyago, ndoa, ngoma, pepo, utumwa, safari za kwenda bara. Sehemu kubwa ilitoka kwenye mkono wa Mtoro. Velten alikusanya, akahariri, akapanga. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa kwenye kichwa cha kitabu, miaka 54 baada ya kifo chake.

Mlinganishe na Tippu Tip. Mfanyabiashara huyo wa pembe na watumwa aliyaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akayageuza kuwa herufi za Kirumi, akayatafsiri kwa Kijerumani, nayo yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Hakuna aliyewahi kuyaita maisha ya Brode. Tippu Tip alikuwa tajiri, jina lake limejaa vinywani mwa Wazungu tangu safari za mpelelezi Stanley, na jina kama hilo halifutiki kirahisi. Mtoro alikuwa mwalimu wa kuajiriwa, ugenini, chini ya mtu aliyekuwa na kiti cha kudumu. Naamini kwa dhati kwamba tofauti ya majalada hayo mawili ilitokana na nguvu ya watu wake kuliko kiasi cha kazi waliyoifanya. Hakuna mahakama iliyoombwa kuamua juu ya Mtoro. Kesi zote ninazozisimulia hapa zilifunguliwa na watu wenye uwezo wa kuweka wakili.

Kesi inayonigusa kuliko zote ni ya mwaka 1926. Geraldine Cummins alikuwa mwanamke wa Cork, Ireland, mwandishi wa tamthilia, tena mpigania haki ya wanawake kupiga kura. Alikuwa pia na kipaji kingine: alikaa kwenye kiti, akaufunika uso kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaanza kuandika kwa kasi iliyowashangaza waliokuwepo, maneno yakifuatana bila nukta wala mkato. Alisema anayesema si yeye. Ni roho, mjumbe wa Kleofa, wa karne ya kwanza, akisimulia habari za mitume zisizomo katika Agano Jipya. Vikao hivyo vilifanyika London, katika nyumba ya rafiki yake, na mmoja wa waliohudhuria alikuwa Frederick Bligh Bond, msanifu majengo aliyekuwa amesimamia uchimbuaji wa magofu ya abasia ya Glastonbury tangu 1908. Bond naye aliamini mambo hayo. Mwaka 1918 alichapisha kitabu akieleza kwamba roho za watawa wa zamani ndizo zilizomwelekeza mahali pa kuchimba, na wakuu wake wa Kanisa hawakufurahi. Kazi ile ikamponyoka.

Bond aliyachukua makaratasi ya Cummins, akayanakili, akatenganisha maneno, akatia nukta, akayagawa aya. Kisha wakagombana juu ya nani achapishe. Bond akadai ana sehemu, kwa sababu roho ilivutwa na kuwepo kwake na kwa sababu ndiye aliyeyapanga maandishi. Akaongeza hoja nyingine, ambayo ndiyo inayonifanya nirudi kwenye kesi hii kila mara: ikiwa wote wawili wanakubali kwamba mtunzi wa kweli ni mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita, basi hakuna aliye hai mwenye hakimiliki.

Jaji alikuwa Harry Trelawney Eve, na alikuwa na jambo gumu mbele yake. Hakucheka imani ya watu wale. Alisema kwamba mamlaka yake hayafiki huko roho ile inakoishi, kwa hiyo hawezi kutoa tamko lolote kwa faida yake. Anaweza kuamua baina ya walio hai tu. Kisha akatazama lugha. Maandishi yalikuwa katika Kiingereza cha kale, cha namna ya Biblia ya Mfalme James, ambacho hakikuwapo duniani wakati wa mitume. Kama roho ilileta ujumbe, ilileta kwa lugha nyingine, na aliyeuvika Kiingereza hicho alikuwa Cummins. Hakimiliki akapewa yeye. Kunakili na kutia nukta hakukumfanya Bond kuwa mtunzi mwenza. Kitabu kikatoka mwaka 1928 kwa jina la The Scripts of Cleophas.

Sheria aliyoitumia Jaji Eve ilikuwa ile ya Uingereza ya 1911, na wakoloni waliitumia hata Kenya na Tanganyika, kabla nchi zetu hazijatunga zao mwaka 1966. Kwa hiyo lau wakati ule mwanamke wa Pangani angeandikishwa utenzi na pepo, na karani wa boma akaunakili na kudai fungu, hakimu wa mkoloni angelazimika kuisoma hukumu ya Cummins.

Miaka kumi na mmoja baada ya kesi ya Cummins akaja mpanda farasi. Steve Donoghue alishinda mashindano ya Derby mara sita, na gazeti moja la London likataka kumbukumbu zake. Hakuziandika. Alizungumza na mwandishi, mwandishi akauliza, akasikiliza, akaenda kuandika. Donoghue akasomewa na kukubali. Simulizi hizo zilipotumiwa tena bila ridhaa yake, akaenda mahakamani, akashindwa mwaka 1937. Jaji Farwell alisema kwamba hakimiliki haimo katika visa na mawazo, imo katika umbo la maneno yaliyowekwa kwenye karatasi, na umbo hilo alilitia mwandishi. Halafu jaji akatoa mfano. Mtu akimwita karani wa hatimkato, akatunga neno kwa neno huku karani akiandika, mtunzi ni yule anayetamka, karani si mtunzi. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Bosi wangu wa kwanza alikuwa ametajwa, na wa pili pia, bila kujulikana na mtu yeyote London.

Jambo moja linanishangaza kila ninapozipanga kesi hizi mbili za mwisho pamoja. Mahakama hazikuyumba juu ya wapi pa kutazama. Hazikuuliza wazo lilitoka kwa nani, wala nani alilipa, wala nani ni mashuhuri zaidi. Zilitafuta mtu aliyechagua maneno na mpangilio wake. Wakati mwingine alikuwa mwandishi wa gazeti, wakati mwingine mwanamke aliyefunika uso wake.

Ofisi nazo zilikuwa na desturi yao, ya unyenyekevu lakini ya kweli. Katika barua nyingi za zamani, kwenye kumbukumbu ya barua au chini kabisa upande wa kushoto, utakuta herufi mbili au tatu kubwa, mkwaju, kisha herufi ndogo. Kubwa ni za aliyetoa imla, ndogo ni za aliyechapa. Zilikuwepo ili kosa likionekana ijulikane nani aulizwe, na faili likipotea ijulikane lilipita mikononi mwa nani. Kompyuta zilipoingia na mabosi wakaanza kuchapa wenyewe, herufi ndogo zikatoweka. Hakuna aliyetoa waraka wa kuziondoa.

Mashine zinazotunga ziliwafikia wanasheria mapema kuliko watu wanavyodhani. Ripoti ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1965 tayari ilizungumzia kazi zilizoletwa zikiwa zimetengenezwa kwa kompyuta. Mwaka 1988 Uingereza ikatunga kifungu: kazi ikizalishwa na kompyuta bila mtunzi binadamu, mtunzi atahesabiwa kuwa mtu aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Kenya ikakichukua kifungu hicho karibu neno kwa neno katika sheria yake ya 2001. Marekani ikaenda njia nyingine. Februari 2023 ofisi yao ilikipa kitabu cha picha kiitwacho Zarya of the Dawn hakimiliki ya maneno yaliyoandikwa na mwenye kitabu na ya jinsi alivyopanga kurasa, ikaziacha nje picha zilizochorwa na mashine. Machi 2025 mahakama ya rufani ya Washington ikamjibu Stephen Thaler, aliyekuwa ameitaja mashine yake katika maombi kama mtunzi pekee wa picha moja, kwamba sheria inamtaka binadamu. Na Januari mwaka huohuo ofisi ya hakimiliki ilikuwa imetoa ripoti ikisema kwamba maagizo matupu, kwa teknolojia ilivyo sasa, hayampi anayeagiza udhibiti wa kutosha juu ya kinachotoka.

Ripoti hiyo ilimweleza bosi wangu wa mlangoni. “Mwambie haiwezekani, lakini asijisikie vibaya” ni agizo zuri, lina busara ndani yake, na bila agizo hilo barua isingekuwepo. Ila umbo la maneno lilitoka kwingine. Tofauti ni kwamba kule kwingine palikuwa na mimi, mtu mwenye mshahara, jina na pensheni. Leo kule kwingine kuna mashine isiyoweza kudai wala kushtakiwa, na kwa hiyo watu wanaona kiti ni kitupu na wanakikalia. Mimi nasema wakiache kitupu. Maandishi ambayo hakuna mtu aliyeyachagulia maneno yawe ya wote, kama methali, na anayeyatia sahihi aulizwe juu ya yaliyomo bila kupewa umiliki wake. Bosi wangu aliulizwa miaka yote kwa barua zangu, na hakuna siku alizidai kuwa utunzi wake.

Wala kiti hicho hakikuanza kikiwa kitupu. Mashine haikuzaliwa inajua Kiswahili. Imekisoma katika magazeti, vitabu, hotuba, tafsiri na mazungumzo ya watu, wengi wao hai, na inapotoa sentensi nzuri ya kumfariji mfiwa, kuna waandishi nyuma ya sentensi hiyo ambao majina yao hayamo kwenye jalada. Ninapofikiria hili simfikirii Rosebery, ambaye jina lake lilikuwa salama hata alipokaa kimya. Namfikiria Mtoro. Waafrika wa Mashariki tunaijua hali hii kabla ya kompyuta: mtu anakaa, anasimulia au anaandika, mwingine anapanga, na kitabu kinatoka na jina moja. Kama sasa tunataka sheria ya akili mnemba ya Kiswahili, ianzie kwa wale waliotoa lugha, kabla ya kufika kwa anayebonyeza kitufe.

Kifungu cha Kenya ndicho kitakacholeta kesi. Mpwa wangu ana stesheneri hapa Tabora, na mchana nakwenda kumsaidia. Msichana anaingia kutaka barua ya kuomba kazi ya dukani. Mpwa wangu anaandika agizo, mashine inatoa barua ya ukurasa mzima, anarekebisha tarehe na anwani, anachapa. Lau duka lile lingekuwa Nakuru, aliyefanya maandalizi ni nani: msichana aliyekuja na haja yake na nauli yake, mpwa wangu aliyeagiza, au kampuni iliyoitengeneza mashine? Wakili hodari anaweza kumtetea yeyote kati ya hao watatu, na kifungu hakitamzuia.

Mimi ningeirudisha kesi hiyo kwa Jaji Farwell na kuuliza nani alichagua maneno. Msichana mmoja wiki chache zilizopita aliisoma barua yake kabla ya kulipa. Mashine ilikuwa imeandika kwamba ana uzoefu mpana katika huduma kwa wateja. Akaomba kalamu, akaufuta mstari huo, akaandika juu yake kwamba ameuza genge la mama yake tangu darasa la sita na anawajua wakopaji wa mtaa wote kwa majina. Mpwa wangu aliuchapa mstari huo kama ulivyo. Huo ndio ambao ningempa msichana yule hakimiliki yake bila kusita, mstari mmoja katika ukurasa mzima.